Dawa za kusafisha injini ya boti ya tu-stroki: Ring Free, Sea Foam, kihifadhi, au bisibisi?

Mzee mmoja aliniletea Yamaha 15 nyuma ya pikapu, ametoka nayo Naivasha mpaka hapa Kirinyaga Road, Nairobi. Tatizo alilieleza vizuri: ukiifungulia mafuta inaenda, lakini akipunguza ili awasogeze wageni karibu na viboko wapige picha, inazima. Injini kuzima mita chache kutoka kwa kiboko si jambo la kuchezea.

"Fundi, nimeitilia chupa tatu za dawa na bado," akaniambia, kisha akazipanga kwenye meza yangu ya kazi. Moja ilikuwa ya kusafisha injini ya gari, moja ya kuondoa maji kwenye petroli, na ya tatu ya kuhifadhi petroli isizeeke. Zote tatu ni dawa halali, kila moja kwa kazi yake. Ugonjwa wa mashine ile haukuwa kazi ya chupa yoyote kati ya hizo.

Nilifungua kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, mbele yake. Kwenye kikombe cha floti, pale petroli inapokaa kabla ya kuingia, kulikuwa na utando wa rangi ya strungi, unanata kidoleni kama gundi iliyoanza kukauka. Nikatoa jeti ndogo, ile ya shaba inayopitisha petroli ya mwendo wa chini, nikaielekeza dirishani na kumpa aangalie. Tundu lake ni jembamba kama ncha ya sindano ya kushonea, na mwanga haukupita hata chembe. Dawa haiwezi kusafisha mahali ambapo petroli yenyewe haipiti. Kazi ilichukua chini ya saa moja, na pesa alizotumia kwa zile chupa zingenilipa na chenji ikabaki.

Wenye mashine wengi wananiuliza swali moja tu: dawa gani ni bora? Siwezi kulijibu hivyo. Nitazilinganisha kwa ugonjwa ambao kila moja inatibu, kwa kipimo chake, kwa gharama ya kila tangi, na kwa namna sisi tunaokaa huku juu tunavyozitumia mashine zetu.

Injini hii si ya gari

Injini ya tu-stroki, ile ya kuchanganya oili kwenye petroli, haina oili iliyokaa chini ikisubiri kuzungushwa. Petroli na oili huingia pamoja kwenye chumba cha chini ambamo krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, inazunguka, oili ikalainisha beringi na kuta za silinda, ndipo mchanganyiko ukapanda juu kuchomwa. Kwa hiyo chochote unachokitia tangini kinapita kwenye beringi kwanza. Dawa kali ikizidi kipimo inaosha ule utando mwembamba wa oili ambao ndio uhai wa mashine.

Tena injini hii haina valvu zile za gari. Chupa nyingi za gari zinajisifu kwa kusafisha valvu za kuingizia hewa, na kwa gari ni sifa ya kweli. Kwa tu-stroki sifa hiyo haina kazi. Uchafu wetu unakaa kwingine: kwenye kabureta, kwenye plagi, juu ya pistoni, kwenye tundu la kutolea moshi, na mahali pabaya kuliko pote, kwenye mifereji ya ringi, zile pete za chuma zinazoizunguka pistoni.

Hapo kwenye ringi nataka tukae kidogo. Ringi nzima ukiibonyeza kwa kidole inazama kwenye mfereji wake na kurudi, kama springi. Kaboni ikijaa nyuma yake inakwama. Nimetoa pistoni ambazo ringi yake ya juu imeshikana na alumini mpaka ukipitisha ukucha huhisi mwanya. Ringi iliyokwama haizibi tena vizuri, moto unapenya pembeni, pistoni inapata joto kupita kiasi, oili inaungua, na kaboni inaongezeka. Kwa nje mwenye mashine anaona tu kwamba nguvu imepungua na kuwasha kunahitaji kuvuta kamba mara nyingi. Siku nyingine ile ringi inanaswa kwenye tundu la moshi na kuvunjika, na hapo hatuzungumzii dawa tena.

Kwa hiyo magonjwa ni manne, na ni vyema kuyatenganisha kabla ya kwenda dukani. Kuna utando unaobaki kwenye kabureta petroli ikikauka. Kuna kaboni ndani ya silinda. Kuna maji kwenye petroli. Na kuna petroli inayozeeka kwa kukaa tangini. Hakuna chupa moja inayotibu yote manne sawasawa, hata kama lebo yake inadai hivyo.

Huku juu kaboni inatuandama zaidi

Nairobi iko karibu mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Naivasha liko juu zaidi kidogo, karibu mita 1,890. Mkandamizo wa hewa pale ni kama asilimia 80 ya ule wa pwani. Kabureta iliyotoka kiwandani na jeti za usawa wa bahari haijui hayo. Inaendelea kumwaga petroli ile ile kwa hewa iliyopungua. Petroli inazidi, haiungui yote, plagi inakuwa nyeusi na yenye majimaji, kaboni inajengeka.

Ongeza hapo jinsi boti za Naivasha zinavyofanya kazi. Kutwa nzima ni mwendo wa polepole, kusimama kwenye mafunjo kuangalia ndege, kusogea, kusimama tena. Tu-stroki ikienda polepole saa nyingi silinda haipati joto la kuchoma uchafu wake. Ndiyo maana mashine ya Naivasha na mashine ya mvuvi wa Ziwa Victoria, hata zikiwa pacha na za umri mmoja, ukizifungua unakuta mambo tofauti.

Kwa hali hii dawa inasaidia, lakini inapunguza matokeo tu. Chanzo kinatibiwa kwa kubadilisha jeti kubwa na kuweka ndogo inayolingana na mwinuko, kwa kufuata jedwali la mtengenezaji. Na hapa nina onyo ambalo ningependa kila mwenye boti ya kuvutwa na gari alisikie: ukishaiwekea mashine jeti za Naivasha, usiipeleke Kilifi ama Mombasa hivyo hivyo. Kule hewa ni nzito, petroli itakuwa chache kuliko inavyotakiwa, na pistoni inaweza kutoboka ukiwa baharini. Hakuna chupa itakayokuokoa hapo. Rudisha jeti za mwanzo kabla ya kushuka.

Ring Free na ndugu zake: dawa ya kila tangi

Yamaha wanauza dawa inayoitwa Ring Free Plus, na jina lenyewe linasema kazi yake: ringi zibaki huru. Kiungo chake cha kusafisha ni kemikali inayofupishwa PEA. Sifa yake kubwa ni kwamba haiharibiki upesi kwa joto, kwa hiyo inafika ndani ya silinda ikiwa bado na nguvu ya kulegeza kaboni. Kuna kemikali nyingine ya zamani, PIBA, ambayo mara nyingi hupatikana kwenye dawa za bei nafuu. Hiyo inasafisha kabureta na njia za kuingizia, lakini ndani ya chumba cha moto inaweza hata kuongeza mabaki yake yenyewe. Kwa hiyo ukiokota chupa ya gari dukani, igeuze usome nyuma kabla ya kuangalia bei. Ikitaja PEA, ina maana kwetu. Isipotaja chochote, mimi huirudisha rafuni.

Kipimo cha Ring Free ni kidogo sana na watu wengi hawakiamini. Kwa matumizi ya kila siku ni aunsi moja kwa galoni 10 za Marekani, yaani chini kidogo ya mililita moja kwa lita. Tangi la kubebwa la lita 24, lile jekundu tunalolijua sote, linahitaji kama mililita 19. Mashine yenye kaboni nyingi inapewa mara mbili ya hapo, mililita 38 hivi, kwa muda, kisha unarudi kwenye kipimo cha kawaida. Mimi napima kwa bomba la sindano la duka la dawa, kwa sababu kifuniko cha chupa hakiaminiki na mkono wa mtu hauaminiki zaidi.

Ukipiga hesabu, chupa ya mililita 355 inatosha lita 450 na kitu, karibu matangi 19. Bei ya chupa inashtua ukiiona, lakini ukiigawanya kwa matangi inakuwa dawa ya bei nafuu.

Udhaifu wake ni kwamba ni ya taratibu. Haifungui jeti iliyoziba. Haitoi maji. Ringi iliyokwama miaka mitatu haitaiachilia kwa tangi moja. Ni dawa ya kuzuia, na anayenufaika nayo ni yule anayeitia kila mara bila kusahau. Mercury nao wana Quickleen kwa kazi inayofanana, na mwenye mashine ya Mercury akiipata hana haja ya kuhangaika kutafuta ya Yamaha.

Sea Foam: dawa ya kuosha, yenye mikono mingi

Sea Foam ni mchanganyiko tofauti kabisa: oili nyepesi, nafta na alkoholi ya isopropili. Asili yake ni Minnesota, Marekani, nchi ya maziwa, na ilitengenezwa kwanza kwa ajili ya injini za boti. Nafta inayeyusha utando, oili nyepesi inalainisha, na ile alkoholi inachukua maji kidogo yaliyojificha.

Kwa sababu hiyo inagusa magonjwa mengi kuliko Ring Free, ila kila moja kwa juu juu. Kwa utando mwepesi wa kabureta, ule wa mashine iliyokaa mwezi mmoja na sasa inayumbayumba kidogo, mimi huanza na hii. Kipimo ni aunsi moja kwa galoni, kama mililita 8 kwa lita, na kwa kusafisha ni mara mbili ya hapo. Kwa tangi la lita 24 unazungumzia mililita 190, au 375 ukisafisha. Mkebe wa mililita 473 unaisha kwa matangi mawili na nusu. Linganisha na yale matangi 19 utaona kwa nini siishauri kama dawa ya kila siku.

Inapong'aa ni kwenye kutoa kaboni kwa mkupuo. Mashine unaifunga kwenye pipa la maji, nje, mahali penye hewa. Unaiwasha mpaka ipate joto, unaipandisha kidogo juu ya mwendo wa chini, halafu unaingiza dawa polepole kwenye mdomo wa kabureta mpaka inakaribia kukata, unaongeza kidogo, inazima. Unaiacha ilale usiku kucha. Asubuhi ukiiwasha itatoa moshi mweupe mzito, majirani watatoka kuangalia, na maji ya pipa yatakuwa meusi kama masizi ya sufuria. Kisha unaiendesha ikiwa na mzigo, na mwishoni unaweka plagi mpya. Plagi za zamani huwa zimechafuka na ule uchafu uliotoka. Kwa Yamaha 15 ni NGK B7HS-10.

Kabla ya kufanya hivyo pima kompresheni, yaani mkandamizo ndani ya kila silinda, kwa geji. Silinda mbili zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 10 hadi 15, usimwage dawa, fungua hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, uone kwa macho. Kaboni nzito ikibanduka vipande vipande inaweza kukwaruza ukuta wa silinda, na mashine iliyokuwa mgonjwa ikawa maiti.

Na yale maji meusi ya pipa, tafadhali yasirudi ziwani. Naivasha iko kwenye orodha ya kimataifa ya Ramsar ya maeneo oevu tangu 1995, na watu wanavua samaki na kunywa kutoka pale. Mimi nafanya kazi hii Nairobi, maji naacha yatulie, mafuta yanayoelea nayachota na kuyaweka kwenye mtungi wa oili chafu.

Jambo moja linanisumbua kuhusu Sea Foam. Kwa kuwa ina oili ndani yake, kuna watu wanapunguza oili ya kuchanganya wakidhani zinafidiana. Hazifidiani. Ile ni oili nyepesi ya kuyeyushia, si ya kubeba beringi zinazozunguka mara elfu tano kwa dakika. Oili ya 50 kwa 1 inabaki 50 kwa 1, yaani mililita 20 kwa lita, dawa iwepo isiwepo.

Vihifadhi: dawa ya mashine inayolala

STA-BIL, Quickstor na wenzao hawasafishi, wanazuia petroli isizeeke. Petroli iliyochanganywa na oili ikikaa wiki kadhaa kwenye joto inaanza kupoteza sehemu zake nyepesi, na kinachobaki ndicho kinachogeuka ule utando wa strungi. Ukijua boti italala miezi, tia kihifadhi petroli ikiwa mbichi, siku ile ile ulipoinunua, kisha washa mashine dakika kumi ili petroli iliyotiwa dawa ifike mpaka kwenye kabureta. Hatua hii ya mwisho ndiyo wengi wanaisahau: tangi limehifadhiwa, kabureta imebaki na petroli ya zamani.

Kukitia kwenye petroli iliyokwisha kunuka kama rangi ya nyumba ni kupoteza pesa.

Dawa za kuondoa maji

Hizi kwa sehemu kubwa ni alkoholi. Maji machache yanayeyuka ndani yake na kupita. Maji mengi hayapiti, na alkoholi nyingi kwenye tu-stroki inashindana na oili. Mimi siuzi na sishauri. Nunua chujio la kutenganisha maji, la maikroni 10, liweke kati ya tangi na mashine, na uwe unalimwaga. Linafanya kazi kila siku bila kipimo na bila kusahau. Kwa boti za pwani, ambako hewa yenyewe ni maji, ningeliweka kabla ya kununua chupa yoyote.

Ukisoma maonyo makali kuhusu maji kwenye chupa za Marekani, kumbuka wanazungumza na watu wenye petroli ya E10, iliyochanganywa ethanoli asilimia 10. Ethanoli inavuta maji, na yakizidi inajitenga na petroli na kuzama chini ya tangi. Sisi wengi wetu maji yanaingia kwa kifuniko cha tangi kisichokaza na kwa mitungi iliyooshwa ikafunikwa kabla ya kukauka.

Bisibisi

Kusafisha kabureta kwa mkono ndiyo tiba pekee ya jeti iliyoziba. Mkebe wa dawa ya kupuliza ya kabureta, kama Abro, hewa ya kompresa, gasketi mpya, na subira. Jeti usiichokonoe kwa waya wa chuma. Shaba ni laini, tundu linapanuka bila wewe kuona, na kuanzia siku hiyo mashine itakunywa petroli na kutoa kaboni na hutajua kwa nini. Loweka, puliza, angalia mwanga. Mwanga usipopita, nunua jeti mpya, haina bei kubwa.

Jambo linalowashangaza wateja: mara nyingi kabureta inaziba wiki moja baada ya kutia dawa ya kusafisha kwa mara ya kwanza. Si kwamba dawa ni mbaya. Imeosha tangi na bomba la miaka mingi, na uchafu wote umesafiri kwenda mbele. Kwa hiyo baada ya tangi la kwanza lenye dawa, fungua chujio ulitazame, na ikibidi ubadilishe.

Vitu nisivyovitaka karibu na mashine

Spiriti ya kuchoma ina alkoholi inayokula alumini na kukausha mipira ya pampu. Dizeli na oili ya giaboksi, ambazo nimeona zikitiwa "kulainisha", zinaongeza moshi na kaboni ile ile unayoikimbia. Na mafuta taa ndiyo mabaya kuliko yote kwa kuwa mara nyingi hukuyatia wewe.

Mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa ili wanaoyachanganya kwenye mafuta mengine wasipate faida, na hali ilibadilika. Lakini mimi mwenyewe, kwenye kituo kimoja cha njiani, niliwahi kujaziwa mtungi ambao ulinitia shaka kwa harufu. Nilidondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka na kupotea. Ile iliacha duara la mafuta ambalo bado lilionekana nilipofika nyumbani. Petroli ya namna hiyo inagonga ndani ya silinda na kujaza kaboni haraka kuliko dawa yoyote inavyoweza kuitoa. Jaribio hili ni bure. Lifanye kabla ya kuchanganya oili, maana ukishachanganya kila tone litaacha alama.

Unaitumiaje boti yako?

Mwenye boti za watalii Naivasha, zinazofanya kazi kila siku polepole: Ring Free kila tangi, bila kukosa, na jeti za mwinuko. Kutoa kaboni kwa Sea Foam mara moja kwa mwaka kunatosha, msimu ukipoa. Na kila jioni, akishusha wageni wa mwisho, aifungulie mashine mafuta yote dakika tano kule katikati ya ziwa. Hilo peke yake linafanya kazi ambayo chupa nyingi hazifanyi.

Mtu wa Karen au Kileleshwa mwenye boti ya uvuvi inayotoka nje mara nne kwa mwaka: adui yake si kaboni, ni kulala. Kihifadhi, kisha kumwaga kabureta. Ring Free itamsaidia kidogo tu. Nikimwona ananunua Sea Foam kila Krismasi kufufua mashine, najua hajamwaga kikombe cha floti tangu Pasaka.

Mvuvi wa Ziwa Victoria anayemaliza tangi zima kwa usiku mmoja, mafuta yakiwa wazi, kwa kweli hahitaji dawa yoyote. Petroli yake haipati muda wa kuzeeka na silinda yake inapata joto la kutosha. Anachohitaji ni oili sahihi. Natamani pesa anazoshawishiwa kununua dawa azipeleke kwenye oili yenye alama ya TC-W3, ambayo ni ya injini za boti zinazopozwa kwa maji na haina madini yanayoacha majivu. Oili ya pikipiki, hata ikiwa ya tu-stroki na ya bei nzuri, imetengenezwa kwa injini inayopozwa kwa hewa, yenye joto jingine. Ringi nyingi zilizokwama nilizozitoa zilikwama kwa oili hiyo.

Wachache wenye mashine za kisasa za kupuliza petroli moja kwa moja, kama E-TEC, HPDI au OptiMax, wafuate kitabu cha mtengenezaji. Nozeli zao ni ghali na mimi singewatilia kitu ambacho kitabu hakijataja.

Yule mzee wa Yamaha 15 aliniuliza sasa zile chupa tatu azifanyie nini. Ya gari ilikuwa na PEA, nikamwambia aitumie kwa gari lake. Ya kuhifadhi akaiweke mpaka mvua za Aprili, boti ikipumzika. Ya maji aliniachia. Tukachanganya tangi pamoja: lita 24 za petroli, mililita 480 za TC-W3, mililita 19 za Ring Free kwa bomba la sindano, akashika bomba yeye mwenyewe ili mkono uzoee. Nikamwonyesha skrubu ya kumwagia iliyo chini ya kikombe cha kabureta, akaifungua na kuifunga mara tatu kwa bisibisi yangu, petroli ikitiririka kwenye kopo. Mara ya nne akaifungua macho yakiwa yameangalia barabarani, kama ambavyo ataifanya gizani pale gatini.